Sakafu Imefika Wapi

10 Juni

Jana, tarehe 9 Juni, asubuhi, halmashauri ilimchukua Jacimara nyumbani kwangu. Ana miaka sita. Alikuwa ameishi nami tangu ana miaka minne kasoro. Naliandika hili mwanzo kabisa ili atakayesoma asije akaniambia hakuelewa nadai nini.

Sababu waliyotoa ni dari.

Mto mwaka huu umepanda hadi usawa wa madirisha, kama unavyopanda karibu kila mwaka hapa Beira Funda, na sisi tumefanya tunachofanya kila mwaka: tumeinua sakafu. Mbao zinang'olewa, zinalazwa juu zaidi kwenye nguzo zilezile, maji yakisogea na sakafu inasogea. Sasa hivi kati ya sakafu yangu na dari pana mita moja na sentimita thelathini. Mimi natembea nimejikunja. Jaci ana mita moja na kumi, anatembea wima. "Sasa mtu mzima ni mimi," anasema, "nyinyi wote nyani." Hakuna msimu aliokuwa akiupenda kama huu.

Kila baada ya miezi sita halmashauri huja kufanya mapitio kwa familia za malezi ya kambo, zinazolea kwa muda watoto wasio wao. Afisa wa zamani alikuwa mtu wa hapa. Akija wakati wa maji alikaa chini kwenye mbao, akanywa kahawa, akamuuliza mtoto amekula nini, akaandika urefu wa dari wa kiangazi. Mwezi Mei amekuja mpya, Keila, msichana wa mji mkuu wa jimbo. Alishuka kwenye mtumbwi amekuwa wa kijani kwa kichefuchefu, akavuta futi yake ya chuma kutoka sakafuni hadi darini, akaandika: makazi hayafai.

Jaci yuko makao ya watoto Porto Mureru, mwendo wa saa tisa kwa boti kuteremka mto.

Alipoondoka alibeba mfuko wa plastiki na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa kimeangukia majini juma lililopita na nilikuwa nimemwahidi vingine.

12 Juni

Nimeuza petroli na barafu kama kawaida. Duka langu linaelea juu ya magogo, halihitaji kuinuliwa sakafu. Mtu ananiuliza mbona nisingelala na mtoto dukani. Na mapipa ya petroli? Mjinga.

15 Juni

Jumapili saa kumi jioni wanaruhusu simu, dakika kumi. Lindoca, komadre wangu, maana nilimsimamia mwanawe ubatizo, alikuja kukaa nami akisingizia kukopa chumvi.

"Dinha?" Ndivyo anavyoniita, kama watoto wa hapa wanavyomwita mama wa ubatizo.

"Mimi hapa."

"Sakafu imefika wapi?"

"Bado iko juu."

"Bado nyani?"

"Bado nyani, mwanangu."

"Mwambie Lindoca asikae kwenye kona yangu."

Lindoca alikuwa amekaa kwenye kona yake. Aliinuka kwa haraka, akagonga kichwa darini, akatukana vibaya sana, na Jaci alicheka hadi simu ikakatika.

18 Juni

Maji yamesimama. Hayapandi, hayashuki.

24 Juni

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Watu wamewasha mioto juu ya vyelezo, mtaa mzima unawaka kwenye maji. Mwaka jana Jaci alikula mahindi ya kuchemsha hadi akalala akiwa ameshika gunzi. Mwaka huu nimewasha moto mdogo kwa sababu watu wangesema. Lindoca kanipitia na mtumbwi, kapiga kelele mbele ya majirani: "Orcina, ukiendelea kununa hivyo samaki watahama mto!" Nikamjibu wahame, duka langu siyo la samaki. Baadaye kaniletea uji wa mahindi kwenye kibakuli.

Niseme tu mimi ni nani, maana kwenye karatasi zao nimeandikwa "mlezi, mfanyabiashara mdogo". Nilianza na sanduku moja la barafu nikipiga kasia mwenyewe, baba yangu kanikataza, mume kanicheka. Leo boti yoyote inayopita hapa inanunua mafuta kwangu. Watoto sikujaliwa. Nilipojiandikisha kulea wa kambo waliniambia wazi kwamba mtoto si wangu, ni wa kukaa kwa muda mpaka mama yake atakapokuwa tayari. Nikakubali, nikatia saini. Mama yake yuko juu kwenye machimbo ya dhahabu na kwa muda wote huu hajapiga simu hata ya makosa. Sijawahi kumsema vibaya mbele ya mtoto. Nilijua masharti. Lakini hakuna sharti lililosema mtoto atachukuliwa kwa sababu ya mto.

29 Juni

"Sakafu imefika wapi?"

"Kesho naishusha kidogo. Maji yameanza kutoka."

"Usiishushe yote! Nisubiri."

Nikasema nitamsubiri. Nimesema uongo, sakafu haimsubiri mtu. Mbao zikibaki juu na maji yamekwenda, nguzo zinapinda.

30 Juni

Tumeishusha mimi na Lindoca, sentimita arobaini. Sasa nainamisha kichwa tu, mgongo umenyooka. Kuna harufu ya tope na magamba. Tulikuta nyoka mmoja chini ya jiko, Lindoca akamuua kwa kasia huku akimwita kwa jina la Keila. Nilicheka. Sikujisikia vibaya hata kidogo.

6 Julai

Baridi ya kusini imeingia usiku, mabati yanalia. Nimemwuliza Jaci kama ana blanketi. Anasema lipo, ila linanuka mafua.

"Linanukaje mafua?"

"We Dinha, unajua tu."

Sakafu imefika wapi? Nikamwambia. Akauliza: "Kwa hiyo sasa tuko sawa?" Nilifikiri ana maana ya kwamba tumekosana. Alikuwa akipiga hesabu ya vimo: yeye wima, mimi karibu wima.

7 Julai

Barafu haiuziki, baridi.

13 Julai

Leo nilisikia sauti ya mwanamke nyuma yake ikimfundisha kuniita kwa heshima: "Sema Dona Orcina. Dona Orcina." Jaci akasema Dinha. Sauti ikarudia. Jaci akashusha yake, akasema Dinha kwa kunong'ona. Dakika zetu zikaisha kwa kunong'ona.

17 Julai

Tumeshusha tena. Nimesimama wima ndani ya nyumba yangu kwa mara ya kwanza tangu Machi. Shingo inauma kwa kuzoea kuinama.

20 Julai

Simu haikuita. Nikapiga mwenyewe mpaka salio likaisha. Baadaye tuliambiwa mnara wa Porto Mureru ulikuwa umezimika.

27 Julai

"Habari za leo, Dona Orcina."

Ndivyo alivyoanza. Nikajibu nzuri. Nikauliza kama amekula, akasema ndiyo asante. Amekula nini? Wali na samaki, asante. Anasoma? Anasoma. Ana rafiki? Ana rafiki anaitwa Suelane, wanalala vitanda vya juu na chini, yeye juu. Nikasema kitanda cha juu kizuri. Akasema ndiyo, asante.

Nikasubiri aulize. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimepima asubuhi ili nimpe jibu kamili. Tuliongea habari za paka, na viatu, nikamwambia vipo, vyekundu, namba kubwa kidogo kuliko mguu wake ili vimfae akikua. Dakika zikaenda. Hakuuliza sakafu imefika wapi.

Lindoca alikuwa mlangoni. Nilipoweka simu alisema, "Komadre, wamemfundisha adabu tu. Si ni vizuri?"

"Adabu alikuwa nayo. Nilimfundisha mimi."

"Basi wamemwongezea."

"Toka kwangu, Lindoca."

Akatoka. Nilimsikia amekaa kwenye ngazi, hakwenda popote mpaka giza.

Nilidhani ubaya ungekuwa yeye kulia. Kila Jumapili nilikuwa nikiomba asilie, na ombi langu limesikilizwa. Mtoto halii. Mtoto anazoea. Akizoea kabisa watasema ona, ametulia, kumhamisha tena ni kumuumiza, na watakuwa wanasema kweli.

28 Julai

Kuna nguzo ya katikati, ndiyo inayopita kwenye sakafu zote, ya juu na ya chini. Tarehe 2 Juni, siku yake ya kuzaliwa, nilimsimamisha pale nikakata alama kwa kisu juu ya kichwa chake. Tulikuwa kwenye sakafu ya juu kabisa.

Leo asubuhi nilikwenda kuiangalia. Iko juu yangu. Nilinyoosha mkono ndipo nikaigusa. Kila ninaposhusha sakafu mtoto anapanda. Ukimleta mgeni sasa ukamwambia hiki ni kimo cha msichana wa miaka sita, atauliza kama tunafuga majitu.

31 Julai

Halmashauri imebandika rasimu ya Mpango wa Huduma za Watoto nje ya ukumbi, mpango wa miaka miwili. Nimeusoma nimesimama juani, wote. Chanjo, sawa. Chakula cha shule, sawa, ingawa wameandika idadi ya watoto wa mwaka juzi. Kisha ukurasa wa kumi na tisa: malezi ya kambo yanafutwa "kwa kukosekana nyumba zinazofaa katika maeneo ya kando ya mto". Watoto wote wenye uhitaji watapelekwa Porto Mureru kwa makubaliano na halmashauri ya huko.

Nyumba zinazolea watoto wa kambo Beira Funda ni nne. Zote nne zilipimwa Mei. Zote nne zilikuwa na sakafu juu.

Wananchi wanaalikwa kutoa maoni tarehe 21 Agosti. Baraza litapiga kura Ijumaa tarehe 29. Kwa hiyo siyo Jaci peke yake, na kura ikishapita hakutakuwa hata na huduma ya kumrudisha ndani yake. Kwenye makaratasi yao hakutakuwa na mlango wa yeye kuingilia.

Chini kabisa kuna saini ya Katibu wa Ustawi wa Jamii, Adalto Siqueira. Mheshimiwa. Mtoto wa Cota mfua nguo. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu.

3 Agosti

"Habari za leo, Dona Orcina." Hakuuliza.

10 Agosti

Hakuuliza. Nikasema mwenyewe: "Sakafu imeshafika chini, mwanangu. Tumemaliza." Akasema, "Ndiyo, asante." Halafu baada ya muda, kwa sauti yake ile ya zamani: "Na kona yangu?" Nikasema ipo. Mwanamke wa nyuma akasema muda umeisha, na haukuwa umeisha.

12 Agosti

Keila kaja.

Nilikuwa nasugua tope kwenye ngazi. Sasa maji yamekwenda mbali, kutoka ukingoni hadi mlangoni kwangu unapanda ngazi mpaka unahema. Nilimwona anapanda, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Lindoca kwenye mlango wake akaanza mapema:

"Haya, futi imerudi! Jamani ficheni madari!"

Keila aliendelea kupanda. Alifika juu, akaomba maji, nikampa. Akaomba kuingia. Akasimama katikati ya nyumba akatazama juu. Akanyoosha mkono. Hakufika darini. Akaruka kidogo, kama mtoto, bado hakufika.

"Dona Orcina, ni nyumba ileile?"

"Unaona nyingine?"

"Sikujua sakafu za huku zinatembea."

"Hukuuliza."

"Nilidhani mnaishi hivyo mwaka mzima." Uso ulimwiva. "Nilimwonea huruma yule mtoto. Nilirudi chumbani kwangu nikalia, kwa kweli. Nikasema hata kama ni kitu kimoja nitakachofanya hapa, nitamtoa mle."

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa ajili yake tangu Juni, nimeyapanga kama makopo rafuni. Hayakutoka. Mtu aliyemchukua mtoto wangu alimchukua kwa huruma. Ningependa zaidi angekuwa mbaya.

Lindoca akaingia bila hodi. "Kwenu huko maji yakijaa mnafanya nini?"

"Tunahama."

"Mnaacha nyumba peke yake na maji?" Lindoca alimtazama kama mtu aliyesema wanamwacha mgonjwa. "Masikini."

Keila alicheka, kisha akafuta macho. Alikunywa kahawa na kula chapati mbili za tapioka. Amesema ameshaandika marekebisho ya ripoti za nyumba zote nne tangu alipoambiwa ukweli na mwenye chumba alichopanga. Ameyapeleka kwa Katibu juma lililopita. Katibu kasema atayaangalia. Bila saini yake hayafiki barazani.

"Umemweleza habari za sakafu?"

"Nilimweleza sana. Alinisikiliza vizuri, kama mtu ambaye hajawahi kusikia jambo kama hilo."

Nikamwomba arudie maneno hayo. Akarudia. Mimi na Lindoca tukatazamana.

13 Agosti

Cota mfua nguo alifia kwenye sakafu ya juu, mwaka wa maji makubwa. Walimpitisha dirishani. Adalto alikuwa na miaka kumi au kumi na moja, ndiye aliyeshika miguu.

18 Agosti

Watu wamepanda tikiti maji na maharage kwenye tope jipya. Jaci alikuwa na mstari wake. Nimeupanda.

21 Agosti

Ukumbini. Kila mtu dakika tatu. Mwenyekiti ana kengele ya mezani, anaipenda sana.

Nilikuwa nimekwenda na hesabu zangu. Nilisema sakafu ya juu, mita moja na thelathini. Sakafu ya chini, mita mbili na tisini. Nyumba moja, nguzo moja. Mpango wa miaka miwili umeandikwa kwa kutazama majuma machache ya maji. Nikaomba mambo mawili tu: ukurasa wa kumi na tisa ubadilishwe, na mtoto arudishwe. Watu wakapiga makofi. Nilidhani hesabu zikiwa sawa inatosha, maana dukani inatosha.

Katibu akasimama, shati limepigwa pasi. "Tunamshukuru Dona Orcina kwa mchango wake mzuri. Suala hili tumelipokea na tutalifanyia kazi."

"Lini?" nikauliza.

"Tutalifanyia kazi."

"Mheshimiwa, hiyo siyo tarehe."

Kengele. Lindoca akapaza sauti kutoka nyuma: "Adalto! Jibu swali la mama wa watu, ulikuwa unakula farinya ya muhogo kwake bila kunawa!" Ukumbi mzima ukacheka. Yeye pia alitabasamu, akafungua faili, akamwita mchangiaji wa jambo la chanjo.

Keila alikuwa mstari wa mbele. Alisimama, akasema marekebisho yapo mezani kwa Katibu tangu mwanzo wa mwezi. Alisema mbele ya watu wote. Sidhani ataongezewa mkataba.

22 Agosti

Sikufungua duka mpaka mchana. Boti mbili zilipiga honi zikaondoka. Acha ziondoke.

24 Agosti

"Habari za leo, Dona Orcina."

"Jaci, viatu vyako bado vipo."

"Labda vimekuwa vidogo," akasema, kwa upole, kama vile anayehitaji kufarijiwa ni mimi.

27 Agosti

Leo Katibu alikuja mwenyewe, kwa sababu hakuna kwingine pa kununua petroli na boti ya halmashauri ilikuwa imekauka. Alisimama kwenye duka langu akiwa na kijana wa usukani. Nilimjazia. Biashara ni biashara. Kisha nikamwambia risiti ziko juu nyumbani, apande anifuate.

"Kijana atazifuata."

"Risiti ya serikali nampa mwenye saini."

Akapanda. Ngazi zote, nikimsikia anavyohema nyuma yangu. Lindoca alikuwa mlangoni kwake anachambua maharage na kwa mara ya kwanza maishani hakusema neno.

Nikaingia mimi kwanza, nikageuka.

Mlango wangu ni mrefu, mtu wa kimo chake anapita bila kugusa kitu. Adalto Siqueira alipofika kizingitini aliinama. Aliinamisha kichwa, akakunja mabega, akaingia vile, hatua mbili tatu, mkono mmoja umetangulia juu kukinga paji la uso. Ndivyo tulivyokuwa tukiingia sote tukiwa watoto wakubwa, mwaka wa maji makubwa. Hajaishi Beira Funda tangu alipokwenda kusoma.

Alijigundua mwenyewe. Alisimama vile ameinama, akatazama juu, kwenye nafasi yote ile tupu, akanyooka polepole.  Nilikuwa nimekusudia kusema mengi.

Akaiona alama kwenye nguzo. "Ya nani hii, juu hivi?"

"Ya Jacimara. Miaka sita."

Hakucheka, wala hakuuliza inawezekanaje. Mtu asiyejua angeuliza. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake kwenye nguzo chini ya alama, kikakaa hapo.

"Orcina," akasema. Si Dona. "Porto Mureru wana vitanda, wana muuguzi. Tukikubaliana nao mambo yanakuwa mepesi kwa kila mtu. Wewe unafikiri mimi sipendi watoto?"

"Sijauliza unapenda nini."

"Hujui mzigo nilio nao."

"Ulijua sakafu ilikuwa juu. Keila hakujua, wewe ulijua. Ulisoma mita moja na thelathini na ulijua ni mwezi Mei."

Akatazama dirishani. La upande wa mto, kama lile la nyumba yao walilompitishia mama yake. "Njoo juma lijalo ofisini, tuzungumze vizuri."

"Juma lijalo kura imeshapigwa."

"Orcina, dada yangu..."

"Nilikuwa dada yako Cota alipokuwa hai. Leo ni mlezi, mfanyabiashara mdogo. Nisikilize."

Nikamwambia, na naliandika hapa neno kwa neno ili nisije nikalipunguza nikipoa:

Ijumaa asubuhi baraza linapiga kura. Marekebisho ya Keila yako mezani kwako, yanahitaji saini moja. Jioni boti ya kuteremka Porto Mureru inajaza mafuta kwangu, inang'oa nanga saa kumi na moja. Nitakuwa nimekaa ndani yake na viatu vyekundu mapajani, na nitahitaji karatasi yenye jina lako ili wanifungulie mlango. Usinipokelee suala. Usinifanyie kazi. Kabla boti haijapiga honi, uje au umtume mtu, aniambie kwa mdomo wake neno moja. Mtoto anarudi nyumbani, ndiyo au hapana?